Tuacheni tukosee Kifaransa kwa sauti

Kwa Mhariri,

Nimekuwa nikisoma ukurasa huu wa barua tangu zama zile gazeti lilipokuwa likifika Dunga saa saba mchana, limeshapitia mikononi mwa dereva, utingo na abiria wawili wa kiti cha mbele. Sijawahi kuandika hata mara moja. Lakini juzi mlichapa barua ya mwalimu mmoja mstaafu anayelalamika kwamba siku hizi watu wanakimbilia kuongea Kifaransa kabla sarufi haijawakaa kichwani, na kwamba mwanafunzi mwenye adabu hukaa kimya mpaka sentensi yake inyooke. Binti yangu alinisomea barua hiyo nikipaa samaki. Niliweka kisu chini nikamwambia aisome tena.

Mimi si mwalimu. Nauza samaki. Kibanda changu kiko ufuoni Dunga, hapa Kisumu: ngege wa kukaanga, mbuta wa mchuzi, ugali, na mboga ya osuga ikiwa imepatikana sokoni. Kifaransa nilikisoma shule ya upili, nikakifanyia mtihani wa kidato cha nne mwaka 1998, nikapata alama ya kunisitiri, kisha kikalala. Kililala miaka 24. Hiyo adabu ya kukaa kimya anayoisifu mwalimu naijua ndani na nje, na naomba nafasi niwaeleze ilinifikisha wapi.

Tulikuwa kidato cha pili, shule moja ya wasichana huku kwetu. Siku hiyo kila mmoja alitakiwa asimame aseme kazi ya baba yake. Zamu yangu ikafika. Baba yangu alikuwa mvuvi, nami nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu langu tangu asubuhi: mon père est pêcheur. Kumbe Kifaransa kina maneno mawili yaliyofanana kama mapacha. Pêcheur ni mvuvi. Pécheur ni mtenda dhambi. Tofauti ni ile e ya kwanza tu, ambayo kwa mvuvi mdomo unafunguka zaidi kidogo. Mimi nikafungua kidogo mno. Mwalimu akacheka yeye kwanza, kisha akaandika tafsiri ubaoni ili na wasioelewa wapate kucheka. Mpaka tunafunga shule nikawa naitwa binti wa mtenda dhambi. Na baba yangu, Mhariri, alikuwa mzee wa kanisa, hasukumi mashua majini kabla ya kuomba.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi anayemtaka mwalimu wenu. Nikafunga mdomo nikafungua daftari. Vitenzi nilivipanga safu sita sita, je, tu, il, nous, vous, ils, kwa nyakati zote zilizotajwa kwenye kitabu. Hata ule mtihani wa kuongea niliukariri kama shairi. Mtahini angeniuliza saa badala ya jina, ningemjibu jina.

Sasa tuje mwaka 2022. Kuanzia tarehe 17 hadi 21 Mei, Kisumu ilipokea mkutano wa Africities, ule wa mameya na viongozi wa serikali za mitaa kutoka Afrika nzima. Mtakumbuka jinsi barabara zilivyochongwa usiku na mchana, na vibanda vingapi vilivyong'olewa kando ya njia, lakini hilo ni la barua nyingine. Hoteli za mjini zikajaa, na jioni wageni wakawa wanateremka mpaka Dunga kuona ziwa. Wengi walikuwa wa nchi zinazoongea Kifaransa.

Akaja mama mmoja, mnene wa kupendeza, gauni la kitambaa kizito cha nta, akasimama mbele ya meza yangu. Nakumbuka alivyosema neno kwa neno: « Bonsoir, tantie. C'est quel poisson, ça ? » Habari ya jioni, shangazi, huyu ni samaki gani? Nilielewa kila neno. Hakuna hata moja lililonipita. Nikafungua mdomo na mdomo ukakataa. Kichwani nilikuwa natafuta kama mbuta ni wa kike au wa kiume kwa Kifaransa, kama nianze na c'est au il est, kama tantie ni tusi. Nikamwonyesha samaki kwa kidole, kama mtu bubu. Yeye akamtazama, akatabasamu: « Ah, le capitaine ! » Nikafikiri ananiuliza nahodha yuko wapi. Basi nikamwonyesha kwa kidole kijana wa mashua.

Huyo kijana aliishia darasa la saba. Kifaransa chake chote wakati huo kingetosha kwenye kiganja: bonjour, bateau, hippopotame, pas cher, yaani habari, mashua, kiboko, si ghali. Akayatumia yote manne mfululizo kwa sauti ya mtu anayenadi nyanya soko la Kibuye, akiongeza mikono na kicheko. Mama yule na wenzake watatu wakapanda mashua. Waliporudi jua likizama walikuwa wakicheka naye kama binamu yao, na mmoja alikuwa ameshamfundisha neno la tano. Samaki walikula kibanda cha pili. Mimi mwenye cheti nilibaki nikipepea nzi.

Usiku ule sikulala vizuri. Sikuwa na wivu na yule kijana, sawa, nilikuwa nao kidogo, lakini zaidi nilikuwa nawaza: maneno yangu ni maelfu na yake ni manne, na yake ndiyo yaliyofanya kazi.

Hapa ndipo anapoingia jirani yangu. Anatoka Bukavu, kule Kivu Kusini, anasuka nywele mtaani Nyalenda. Miaka mitatu tulikuwa tunasalimiana kwa Kiswahili, chake cha Kongo na changu cha Kisumu, wala haikunijia kwamba mtu huyu amesoma shule nzima kwa Kifaransa. Sisi tukitaja Kifaransa tunawaza Paris na mnara wake. Hatuwazi mama anayesuka nywele nyumba ya tatu. Na Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo wa 2022. Burundi na Rwanda zilikuwamo zamani. Makao ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yako hapahapa mjini kwetu, na maofisa kutoka Bujumbura na Kigali wanaokuja mikutanoni huishia Dunga Jumamosi wakitafuta samaki. Kwa hiyo Kifaransa kimetujia hadi mlangoni na tunakitafuta kitabuni.

Tukapatana. Mimi nampa ngege wawili kila Ijumaa, yeye ananisuka na kunisemesha. Nawaambia ukweli, hakuna darasa kama hilo. Mtu anayesukwa hawezi kushika kamusi, maana mikono yake imeshika uzi na kitana. Hawezi kuutazama uso wa anayemsikiliza aone kama anachekwa. Hawezi kukimbia, nywele zake ziko mkononi mwa mtu. Atakaa saa mbili na nusu na ataongea.

Siku ya kwanza nilimtolea sentensi moja ndefu iliyonyooka, ya kitabuni hasa. Akanyamaza kidogo, akasema, « Dada, weye unasema sawa vile kitabu. » Nikafikiri ni sifa.

Alivyonirekebisha ndiko kulikonifungua. Yeye hakunikata hata mara moja nikiwa katikati ya maneno. Mimi nataka kusema jana nilienda sokoni, nasema, « Hier, j'ai allé au marché », j'ai badala ya je suis, kosa ambalo mwalimu wangu wa zamani angelizungushia wino mwekundu mpaka karatasi itoboke. Yeye anajibu tu, akiendelea kuvuta uzi: « Ah bon, tu es allée au marché ? Et tu as acheté quoi ? » Kumbe ulienda sokoni, ukanunua nini? Umeona? Amenipa sentensi iliyo sawa, imefungwa ndani ya swali, na swali lenyewe linanitaka niendelee. Masikio yanaokota. Baada ya Ijumaa nne tano hivi nikajisikia nikisema je suis allée bila kujua nimeipata lini.

Nilimsimulia habari ya baba yangu mtenda dhambi. Akacheka, ndiyo, lakini akaniambia nitamke mwenyewe maneno yale mawili, kisha akayatamka yeye, na kwa kinywa chake yalikaribiana kiasi kwamba sikujua lipi ni lipi. Tangu hapo nimetega sikio, na nimewasikia hata Wafaransa wa Ufaransa ambao huwezi kutenganisha mvuvi wao na mtenda dhambi mpaka uone wanazungumzia nini. Miaka 24, Mhariri, kwa ajili ya e ambayo wenyewe hawaijali sana. Tena sisi Wajaluo lugha yetu ina e zaidi ya moja, ingawa tunaziandika kwa herufi ileile. Sikio la kuzitofautisha nilizaliwa nalo. Nilichokosa ni mtu wa kunisubiri nijaribu mara ya pili.

Kuna sauti nyingine ambayo kweli ilinishinda, ile u ya tu na rue. Mwenye Kiswahili huisema kama u yetu, na hapo neno tu, wewe, linageuka tout, yote, na rue, barabara, inageuka roue, gurudumu. Jirani akanieleza vizuri kuliko kitabu chochote. Aliniambia niweke midomo kama ninapuliza jiko la mkaa linalokataa kushika, halafu nisiiondoe midomo hapo, niseme i. Jaribu wewe unayesoma. Kila asubuhi nikiwasha jiko nilikuwa nasema tu, tu, tu, mpaka muuza mkaa akaniuliza kama nina pumu.

Jambo ambalo sikulijua kabisa ni kwamba mazungumzo hayahitaji safu zote sita za vitenzi. Pale mezani kwangu kuna watu wawili tu: je na vous. Mimi nasema nina nini, wewe unasema unataka nini. Vous avez faim ? Vous voulez frit ou braisé ? Avec piment, sans piment ? Una njaa, wa kukaanga au wa kuchoma, na pilipili au bila? Nous, sisi, ya kitabuni nayo hutaisikia sana, watu husema on: on mange, on va au lac. Na ile je ne sais pas, sijui, tuliyoandika kwa mwandiko mzuri, wakiitamka kwa haraka inakuwa kitu kama « shepa ». Mara ya kwanza nilidhani ni jina la mtu.

Nikaanza kukusanya maneno ya kazi yangu mwenyewe, nikayaandika kwa chaki kwenye mbao za kibanda, upande wa ndani wateja wasione. Écailles, magamba. Arêtes, miiba. Vider, kutoa matumbo. Braisé, wa kuchoma juu ya makaa, ambalo wageni wa Afrika Magharibi na ya Kati wakilisikia macho yanang'aa. Capitaine nililiandika kwa herufi kubwa, kwa kujiadhibu. Yule mama alitoka Bamako, na kumbe kule kwenye Mto Niger mbuta ndiye capitaine. Kitabu changu kilisema perche du Nil, na ni sahihi, ila ukilitamka kwa Mmali ni kama kumwitia mtu samaki wake kwa jina la kwenye kitambulisho. Mgeni mwingine wa Yaoundé aliuona ugali wangu akauita couscous. Jirani yangu akiona omena, dagaa wetu, anaziita sambaza, kama za Ziwa Kivu, kisha anaziangalia kwa huruma kwa jinsi zilivyo ndogo. Yote hayo nayapata kwa kuuliza: « Chez vous, on appelle ça comment ? » Kwenu mnakiitaje hiki? Hiyo ndiyo sentensi iliyonilipa kuliko zote. Ukimuuliza mtu kwao wanakiitaje kitu, ataongea robo saa, na wewe unapumzika huku ukijifunza.

Kuna pia maneno ya kushikilia zamu. Kiswahili chetu kina yaani, basi, unajua, eti, na mtu asiye nayo haonekani mzungumzaji hata ngeli zake zikiwa safi. Kifaransa nacho kina alors, en fait, c'est-à-dire, comment dire. Shuleni hatukufundishwa hata moja, labda kwa kuwa hayana alama. Lakini nikikwama siku hizi sinyamazi, nasema « comment dire… » na mteja anajua ninakuja, ananingojea, mara nyingine ananipa neno lenyewe. Na nisiposikia sisemi sijui. Narudisha kile nilichosikia: « Vous voulez trois… trois quoi ? » Atarudia kile kimoja tu nilichokosa, si hadithi nzima kwa kasi ileile.

Tarakimu zilinitoa jasho. Ngege mkubwa na ugali wake ni shilingi 870. Jirani yangu wa Bukavu atasema huit cent septante, maana wao walirithi hesabu ya Wabelgiji. Mfaransa atasema huit cent soixante-dix, sitini na kumi. Na tisini yake ni nne mara ishirini na kumi juu. Siku mteja mmoja aliponitajia nambari yake ya simu, wao huisoma mbili mbili, akasema quatre-vingt-douze. Nikaandika 4. Akaendelea, nikafuta nikaandika 80. Akamaliza, nikafuta tena nikaandika 92, na wakati huo yeye ameshafika mwisho wa nambari. Sasa namwambia aniandikie, na nikiandika nazisoma kwa sauti mbele yake. Sioni aibu.

Lakini kosa langu kubwa ni la saa, nalo nalisimulia kwa furaha. Walikuja mume na mke kutoka Lyon, asubuhi, wakitaka chakula cha jioni, ngege wawili wa kuchoma. Nikawaambia kwa kujiamini kabisa, « À deux heures ! » Kichwani nilikuwa na saa mbili usiku. Nikatafsiri mbili kama ilivyo. Wao wakaja saa nane mchana, jua la utosi, jiko halijawashwa, ngege wenyewe bado hawajaletwa. Wakaketi. Nikawatazama. Wakanitazama. Mume akaonyesha saa yake, « Deux heures, madame. »

Nilipoelewa nilichofanya nilitaka ardhi ipasuke. Ningekuwa yule wa Mei 2022 ningeonyesha kitu kwa kidole. Badala yake nikachukua kijiti nikachora mchangani: jua linachomoza, mstari, jua linazama. Nikawaeleza kwa Kifaransa changu cha viraka kwamba huku siku inaanza kuhesabiwa alfajiri, kwamba saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, kwamba saa yenu ya huit heures sisi ni mbili, na kwamba kwa hivyo mimi sikuwadanganya, ila saa yangu ilikuwa ya Kiswahili. « Vingt heures, alors ! » akasema mke. Vingt heures. Wao wakataja saa za usiku kwa kuendelea kuhesabu mpaka 24, na mimi nikawacheka kidogo. Tuliongea karibu saa nzima. Nikawapa chai na mandazi. Mke akauliza kama Waislamu wa pwani nao wanahesabu hivyo, kama watoto wanachanganyikiwa shuleni, kama basi la saa tatu ni la saa tatu ya nani. Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo kwa Kifaransa, na yote yalitokana na kosa. Sasa mwalimu, kosa hilo ningelisubiri kwenye ukurasa upi wa kitabu? Saa mbili jioni wakarudi, wakala, wakaacha bakshishi.

Sitaki ieleweke kwamba nimeitupa sarufi. Nimeirudia kwa njaa ambayo sikuwa nayo nikiwa shule. Nikishindwa jambo mchana, usiku nalitafuta. Niligundua kwamba je veux, nataka, inasikika kama amri, nikatafuta kitabuni nikapata je voudrais, ningependa, nikasoma ukurasa mzima wa conditionnel nikiwa nimelala kitandani, mimi ambaye ukurasa huohuo ulinipa usingizi mwaka 1997. Na masikio nayalisha kwa redio. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana matangazo ya Kiswahili tangu mwaka 2010, na wana pia Journal en français facile, taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa kinachoeleweka. Nasikiliza kwanza habari za siku kwa Kiswahili, halafu zilezile kwa Kifaransa. Nikiwa tayari najua nani amemfanya nani nini, maneno yananijia yamevaa sura.

Mwaka juzi nikapanda basi la usiku nikaenda Nairobi kufanya DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa kwa wageni, ngazi ya A2, ya pili kutoka chini. Mtihani huo una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila moja alama 25, na kuongea hakupewi alama pungufu ya kuandika. Unapewa dakika 10 za kujiandaa, kisha unaongea dakika 6 hadi 8: kwanza unajieleza, halafu unasimulia jambo peke yako, mwisho mnaigiza mazungumzo wewe na mtahini. Kwenye hicho cha mwisho nikaokota karatasi ya kununua vitu sokoni. Nilitaka kucheka. Mtahini alikuwa muuzaji, mimi mnunuzi, na nilimpunguzia bei mpaka akasahau kalamu yake. Mbele yangu alikuwa ametoka msichana wa chuo kikuu, mwandiko wake wa Kifaransa nadhani unanishinda mara tatu. Alikuwa analia nje ukumbini. Alisema alijua kila kitu ila aliogopa kuanza. Nilimpa leso, sikuwa na la kumwambia kwa lugha yoyote.

Huyo msichana ndiye aliyenijia nilipokuwa nasomewa barua ya mwalimu. Na binti yangu pia. Yuko sekondari msingi, amechagua Kifaransa, daftari lake limejaa tisa kati ya kumi. Jirani alipomsalimia « Tu vas bien ? », hujambo, alitazama viatu vyake. Nikamuuliza baadaye kwa nini hakujibu. Akasema, « Mama, sikuwa na uhakika kama ni bien au bon. » Hapo nikaona daftari langu la kidato cha pili limefufuka.

Kicheko ndicho kinachotuua huku kwetu, nadhani. Tunachekana sana. Watu wa pwani wanatucheka Kiswahili chetu, na najua mhariri atakapoipokea barua hii ataunyoosha u na ya na wa kabla ya kuichapa, nami namshukuru mapema. Lakini Kiswahili hiki chenye makengeza ndicho nilichouzia samaki, nikachumbiwa, nikazika wazazi. Hakuna aliyeniambia ninyamaze mpaka nijue ngeli zote.

Kwa hiyo mwalimu, kwa heshima zote, naomba uje Dunga. Kuanzia mwezi uliopita, kila Jumamosi mimi na jirani yangu tunaweka mabenchi mawili kando ya jiko, na yeyote anayetaka kuongea Kifaransa anakuja kuongea. Huja yule kijana wa mashua, ambaye maneno yake sasa hayatoshi kiganjani, binti yangu na wenzake wawili, mwendesha boda mmoja anayetaka kwenda kutafuta kazi Goma, na mara moja ofisa mmoja kutoka Bujumbura aliyekuja kula tu akanaswa. Hairuhusiwi kumkata mtu sentensi yake. Madaftari yanabaki nyumbani. Ngege wako ni juu yangu, miiba utatoa mwenyewe, na ukitaka kutufundisha subjonctif, ile sarufi ngumu ya vitenzi, baada ya kula tutakusikiliza kwa adabu zote. Ni saa tisa alasiri. Ubaoni nimeandika 15 h, asije mtu saa tisa usiku.

Mpaa samaki,
Dunga, Kisumu